Ngazi za Kwenda Mnarani

Saa mbili asubuhi mtembeza wageni alifungua kibanda, akapanga fimbo za kukodisha, akautazama ubao: "Ngazi za kufika mnarani: 214." Akafuta nne kwa kiganja, akaandika tano. Jana alikuwa na kundi moja tu.

Kila alipowasomea wageni kibao cha shaba kilichokuwa chini ya ngazi, kwamba mnara ulijengwa na Gavana, ngazi moja iliongezeka. Ilikuja na kuvu lake na mbonyeo wake katikati, utadhani imekanyagwa miaka mia, na wageni waliokuwa njiani walisogea kidogo kuipisha. Ofisi ya utalii ilichapisha vipeperushi: "Ngazi ndefu kuliko zote milimani, na bado zinakua." Watu wakamiminika.

Gavana mwenyewe hakuwahi kushika hata mwiko. Mnara waliujenga wafungwa, na mmoja wao alikuwa babu yake mtembeza wageni, fundi mawe, aliyeacha alama ya kiganja kwenye jiwe la mlangoni. Thubutu uyaseme hayo mbele ya wageni! Kazi huna.

Mama yake alikuwa amekula chumvi nyingi, na magoti yalishamgomea.

"Nataka niishike ile alama ya baba kabla sijaondoka," alisema. "Mara moja tu, mwanangu."

"Ngazi mia mbili, mama?"

"Kwani nani kaziongeza?"

Mtembeza wageni aliona aibu, akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari.

Jumatatu ofisi haifunguliwi. Wakasimama chini ya mlima wawili tu, naye akapiga moyo konde, akasema kwa sauti yake ileile ya kazini: "Mnara huu ulijengwa na wafungwa." Ngazi moja ikaondoka. Akamtaja babu yake kwa jina, ikaondoka nyingine. Mama, ambaye utotoni alikuwa akimpelekea baba yake chakula pale, alimkumbusha wengine: nani aliangukiwa na jiwe, nani alizikwa palepale. Kufikia adhuhuri zilibaki tisa, zile walizochonga wafungwa wenyewe.

"Tisa naziweza," mama akasema, akapanda.

Akaweka kiganja ndani ya kiganja. Jiwe likamminya vidole taratibu.

"Hee, bado ana sugu!" Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Wakala mkate wao palepale mlangoni, wakiwa na furaha tele.

Jumanne mkuu wa ofisi aliukuta ubao umeandikwa 9.

"Nani atapanda mlima kuja kuona ngazi tisa?" aliuliza. "Zirudishe."

Mtembeza wageni akakohoa, akakisoma kibao. Alikisoma kutwa nzima.

Jioni mama alimmiminia chai.

"Zimefika ngapi?"

"Mia na kumi na moja," akajibu, sauti imekauka.

"Basi kunywa, upumzishe koo. Jumatatu nakuhitaji."