Jeneza Lililopanda Bila Mikidadi

Asubuhi ya maziko ya mjomba wake, Mikidadi hakuweza kustahimili hata uzito wa khanga juu ya kidole gumba cha mguu. Kidole kilikuwa kimevimba, kinang'aa, kinawaka kama kaa. Semeni, mkewe, aliiondoa khanga taratibu, naye Mikidadi akauma meno asipige ukelele mbele za watu.

Ndiye huyo aliyetajwa mtaani kwao, Kihonda nzima, kwa kunyanyua vyuma. Mwaka jana, jongo lilipomvimbisha kidole mara ya kwanza na kipimo kikaonyesha asidi ya yuriki imezidi katika damu yake, Dakta Anastasia alimwambia apunguze mwili, afanye na mazoezi. Mikidadi alilipokea neno hilo kama askari anavyopokea amri. Alinyanyua hadi magoti yakatetemeka, akajinyima maji akidhani jasho litautoa ugonjwa. Kifua kilipanuka, mikono ikajaa. Kisha jongo likarudi, kali kuliko la awali.

"Nilisema mazoezi ya kadiri," daktari alimweleza. "Hayo yatakufaa, ukiyazoea polepole. Ukijikamua kupita kiasi, misuli yenyewe huzidisha asidi, na figo zilizokosa maji hushindwa kuitoa."

Aliitikia kwa kichwa, si kwa moyo. Juzi, habari zilipokuja kwamba mjomba yu mahututi, alivifuata vyuma tena, akanyanyua kuliko siku zote. Hakujua hofu ile aipeleke wapi.

Mjomba Pazi ndiye aliyemlea. Alipenda kumshika bega mbele ya wageni na kusema, "Huyu ndiye atakayenipandisha mlimani." Sasa jeneza lake lilikuwa uani kwake, hapa Bigwa, na makaburi ya ukoo yako juu kwenye milima ya Uluguru, gari lisikofika.

"Mikidadi, njoo ushike mbele!" aliita Halidi, binamu yake. Kisha akauona mguu.

Mikidadi aliinuka. Alikanyaga mara moja tu. Macho yakaingia giza, akarudi mkekani kama gunia.

"Kaa, kaka," Halidi alisema kwa upole, na upole ule ulimchoma kuliko kidole. "Tutampandisha."

Wanaume walilibeba jeneza wakaondoka, wakipokezana mabega na tahalili. Uani wakabaki wanawake, na yeye. Aliitazama mikono yake minene iliyolala mapajani, isiyo na kazi, akaiona kama ya mtu mwingine.

Mama yake, Bi Chausiku, dada wa marehemu, alikuja akaketi kando yake. Macho ya mama hayakuwa yakiona mbali tena.

"Wamefika wapi, mwanangu?"

Mikidadi alitazama juu. Ukungu ulikuwa umeshuka, umeimeza njia yote. Hakuona mtu, na sauti nazo zilikuwa zimekwisha kupotea.

"Wamesimama kidogo, mama. Wanapumzika."

Bi Chausiku alisogea karibu. Kisha akaupeleka mkono mgongoni mwa mwanawe, kwenye kanzu iliyolowa jasho, akauacha pale.

"Basi na wewe pumzika."