Kadi Nzito ya Machage

Mwaka ule wa rashi, watu walipomiminika kufuata dhahabu, hapa Genkuru kila mwenye koleo alikuwa na duara lake, shimo la kuchimbia. Mjukuu wangu Machage alikuwa na la kwake, na dada yake Elieth ndiye alikuwa macho yake. Kila jioni Elieth alipiga picha kuta za shimo kwa simu, kompyuta yake kuukuu ya mezani inaziunga ziwe picha moja, anaona kama ufa umesogea au umetulia. Walikubaliana: Elieth asipouona ukuta, mtu hashuki.

Kisha kadi ya picha ya ile kompyuta ikaungua. Kioo kikawa cheusi. Siku tatu Machage na wenzake wamekaa juu, huku majirani wanatoa mawe yenye dhahabu.

Tukaenda wote watatu Tarime mjini, kwa fundi Shamsudin. Aliniamkia shikamoo, akaweka kadi mbili mezani.

"Hii ndogo inawatosha. Hii kubwa ina nguvu, ila inakula umeme mwingi. Pawa saplai yenu ya zamani haitaiweza."

Machage akazipima viganjani, moja huku, moja kule, kama anavyopima mawe.

"Ndogo hii nyepesi kama pumba! Fundi, unatuuzia ganda?"

"Mura, hapa hatupimi kilo," nikamwambia.

"Bibi, kizito ndicho chenye kitu ndani."

Akachukua nzito. Shamsudin akaitumbukiza ile ndogo kwenye mkoba wa Elieth. "Kaa nayo. Kubwa ikigoma, msiseme sikusema."

Asubuhi Elieth akaifunga ile nzito, akaingiza picha alizopiga jana jioni. Feni zikavuma, picha ikaja safi kabisa: ukuta wa kusini, wa mashariki, wa magharibi. Ilipofika kaskazini, kwenye ufa, mashine ikazima. Akawasha. Ikafika palepale, ikazima.

"Kuta tatu nzima," Machage akasema, anavaa buti. "Wenzangu wananisubiri."

"Huo wa nne ndio wenyewe, kaka!"

Nikasimama mlangoni. "Kitendawili!"

"Tega, Bibi."

"Nimekaribisha mgeni, kala chakula chote, mwenye nyumba kaanguka kwa njaa."

Akacheka, akanipita ubavuni. "Jibu nitakuletea nikitoka."

Jibu lilikuwa pale mezani, limekaa kimya na feni zake.

Elieth akaichomoa, akaweka ile ndogo. Picha ikaja polepole, kama mtu anayesita kusema. Kaskazini ikatokea. Ufa uliokuwa na upana wa kidole, sasa ngumi ingeingia.

Akapiga simu. Haipatikani.

Nilitoka bila kandambili. Nilipofika, vumbi lilikuwa linapanda kutoka mdomo wa duara, taratibu, kama moshi wa jiko. Mwikwabe, mshika kamba, alikuwa amesimama tu.

"Alijifunga kamba?"

"Alijifunga, Bibi."

Tukaishika, tukavuta. Ilikuwa nzito. Uzito wa mtu au wa mawe, sikujua. Nilimwomba Mungu tu isije ikawa nyepesi.