Benzi ya Mzee Hersi

Musyoka alipigwa kabla hajauliza swali. Alikuwa amesimamisha gari kwa sababu watu wawili waliovaa makoti ya mvua kama askari wa barabarani walikuwa wamempungia mkono, na alipoteremsha kioo kuwasalimu, mmoja akamgonga kwa kitako cha bastola juu ya sikio. Mlango ukafunguliwa. Akavutwa kwa ukosi, akaanguka kifudifudi kwenye lami yenye moto, na kiatu kikamkanyaga shingoni.

Ilikuwa saa tisa alasiri, mwezi wa pili mwaka wa 1993, kwenye barabara ya Mombasa. Yeye na tajiri wake, Mzee Hersi, walikuwa wakitoka mnada wa mifugo wa Emali kurudi nyumbani Salama. Wezi walikuwa watatu. Wa tatu alitoka kichakani na kamba za mkonge begani. Hersi, aliyekuwa kiti cha nyuma, aliteremka mwenyewe huku mikono ikiwa juu, akawaambia wachukue kila kitu. Hilo halikumsaidia. Mwenye bastola alimpiga teke la mbavu, akarudia, akarudia tena, mpaka mzee wa miaka sitini na miwili akajikunja kando ya tairi.

"Msomali na Benzi," akasema yule mwenye bastola. "Hata aibu huna."

Benzi yenyewe ilikuwa ya aina ya mia tatu, ya dizeli, rangi ya maziwa, ya gia za otomatiki. Hersi aliinunua kwa mzungu wa mradi wa maji aliyekuwa akirudi kwao, na aliingojea miaka minne mzungu huyo aondoke. Alikuwa ameanza biashara akiwa kijana, akipanda juu ya mbuzi katika lori la Benzi la ami yake kutoka Garissa. Lori lile lilivuka mito ya mchanga iliyowazamisha wengine, likazeeka, likabadilishiwa pistoni, likaendelea. Tangu hapo Hersi hakuona sababu ya kumwamini mtengenezaji mwingine. Wenye duka wenzake pale Salama walisema ni majivuno. Yeye alisema mtu aliyefukuzwa mara nyingi huhitaji kitu kinachowaka kila asubuhi.

Hata dereva, Hersi alimchagua kwa ajili ya gari. Musyoka alikuwa amefanya kazi miaka tisa katika gereji moja ya Nairobi, chini ya msimamizi Mjerumani aliyeitwa Bwana Kessler. Kessler hakumruhusu fundi kugusa spana kabla hajajua historia. Aliwaeleza jinsi mke wa Bwana Benz, mwaka wa 1888, alivyolichukua gari la mumewe alfajiri bila kumwambia, akawapakia wanawe wawili, akaenda kwa mama yake umbali wa safari ya siku nzima. Jinsi alivyonunua mafuta kwa muuza dawa na kuzibua mpira ulioziba kwa pini ya kofia yake. Aliwaambia kwamba Mercedes ni jina la binti wa mfanyabiashara, na kwamba ncha tatu za nyota ni nchi kavu, maji na anga. Musyoka aliyashika yote. Akiwa amelala chini ya gari na mafuta yakimdondokea usoni, alijiona yuko ndani ya hadithi ndefu ya watu waliokataa kushindwa na chuma.

Sasa alifungwa mikono nyuma na kutupwa ndani ya buti la gari hilo hilo, na Hersi, naye amefungwa, akatupwa juu yake. Kifuniko kikashuka. Gari likageuka, likaenda kasi kwenye lami kwa muda, kisha likaiacha na kushika njia ya vumbi. Musyoka alijua kwa mtikisiko kwamba wanaelekea upande wa Kathonzweni, ambako kuna vijito vikavu na vichaka vya kuficha gari mpaka giza liingie. Kisha wangebadilisha namba na kuvuka mpaka. Gari kama lile lilikuwa na wateja kila mahali.

Hersi alikuwa akipumua kwa shida. Kila gari liliporuka shimo, alitoa mlio mdogo kama mtu aliyechomwa sindano. Musyoka alikuwa amefungwa bila kukazwa sana, na baada ya kusugua na kuvuta hata ngozi ya kifundo ikatoka, mkono mmoja ukawa huru. Hakuwa na silaha. Spana ya magurudumu ilikuwa chini yao wawili, chini ya zulia na gurudumu la akiba, na hakukuwa na nafasi hata ya kugeuka.

Lakini alilijua lile buti. Milango ya gari lile hufungwa kwa hewa inayofyonzwa na pampu ya injini, na hewa hiyo hupita katika mipira myembamba mpaka kwenye kopo lililo nyuma, kando ya buti. Hewa hiyo hiyo ndiyo huizima injini dereva anapogeuza ufunguo. Ikivuja ya kutosha, ufunguo unabaki chuma tu. Musyoka aliipapasa karatasi ngumu ya pembeni, akaichana kwa kucha, akaufikia mpira. Ulimkatalia. Akasogeza kichwa, akauuma, akauvuta kwa meno mpaka ukachomoka, na akasikia hewa ikinong'ona.

Hersi akamuuliza anafanya nini.

"Nimewaharibia ufunguo, Mzee. Wakisimama, injini haitazima."

Hakuwa na mpango zaidi ya huo. Alifikiria tu jinsi nchi ile ilivyo kimya mchana, na jinsi injini ya dizeli inavyosikika mbali.

Gari liliposimama, akasikia ufunguo ukigeuzwa. Injini ikaendelea. Ukageuzwa tena, kwa hasira, na tena. Boneti ikafunguliwa. Kando ya injini ile kuna kiwiko kidogo chekundu cha kuizima kwa mkono, lakini asiyefundishwa hukiona kama kipande cha kawaida. Wezi wakatukanana. Kisha buti likafunguliwa, mwanga ukamchoma macho, na wakamvuta nje, mikono akiwa ameishika nyuma kana kwamba bado imefungwa.

"Izime," akasema mwenye bastola.

Musyoka alijibu kwamba injini imepata moto sana, kwamba ikiwa hivyo haizimi mpaka ipoe yenyewe. Mwizi huyo alimpiga kwa bastola mdomoni. Meno mawili yakavunjika. Akamwuliza tena, na Musyoka, damu ikimjaa kooni, akarudia uongo ule ule. Akapigwa magotini kwa jiwe. Kisha akasikia mdomo wa bastola ukiwekwa penye kisogo chake, na akakojoa bila kujua.

Aliyemwokoa ni yule aliyekuja na kamba. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini hivi, mwenye kovu la kuungua shingoni, na wenzake walimwita Nzomo.

"Ukipiga risasi hapa, kila mtu wa kilima kile atasikia," Nzomo akasema. "Na ya nini kumuua? Gari tunalo. Mrudishe."

Wakabishana. Mwishowe mwenye bastola akatema mate na kurudi kwenye injini. Nzomo ndiye aliyemwinua Musyoka na kumrudisha butini, na alipomlaza, akamwambia polepole kwa Kikamba kwamba atulie, giza likiingia watawaacha hapo. Akawarushia chupa ya maji. Musyoka alimnywesha Hersi kwanza.

Injini ililia karibu saa nzima.

Watu waliosikia walikuwa wachimba maji. Wanawake waliokuwa wakichota kisimani mwa mchanga, chini kidogo ya pale, waliona ajabu gari kunguruma kichakani bila kwenda. Mwezi ule ng'ombe kumi na mmoja walikuwa wameibwa katika kijiji hicho na mchunga ng'ombe mmoja kukatwa koo, na wanaume walikuwa wakitembea na pinde zao. Mkuu wa msako wao alikuwa Kiema, mkulima, mzee wa kanisa, na yule mchunga ng'ombe aliyeuawa alikuwa mwana wa dada yake.

Musyoka hakuona mwanzo wake. Alisikia mtu akiuliza kwa sauti ni nani hapo. Akasikia bastola ikilia mara mbili na mwanamke akianguka na kupiga yowe. Kisha mluzi mfupi wa mishale. Yule mwenye bastola alipigwa shingoni na pajani. Sumu ya mishale ile haina haraka, lakini hawakuingojea. Wakamfikia na mapanga. Wa pili alikimbia kando ya kijito, wakamkamata kwenye ukingo aliposhindwa kupanda. Musyoka alizisikia sauti zake zikipungua, mpaka zikawa pigo tu, pigo kwenye kitu kisichojibu.

Buti likafunguliwa kwa jembe.

Walimwona Hersi kwanza. Waliona kofia yake, ndevu zake nyekundu za hina, uso wake mwembamba, na mtu akasema shifta, jambazi wa Kisomali, mkubwa wao ndiye huyu, alikuwa amejificha. Wakamvuta kwa miguu. Kichwa chake kikagonga bampa. Hakuwa na pumzi ya kujieleza, na angejieleza kwa lugha gani hata wakamsikiliza? Panga lilikuwa tayari hewani Musyoka aliporuka kutoka butini na kujilaza juu yake, mkono umeinuliwa. Panga likashukia kwenye mkono. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vikaanguka mchangani.

"Huyu ni bwana wangu," akapaza sauti kwa Kikamba. "Mimi ni Musyoka wa Ndeti, wa Nunguni. Tumetekwa. Angalieni kamba."

Akasema tena jina la baba yake, ukoo wake, kanisa lao, na mchungaji aliyembatiza. Alisema kila alichokijua kuhusu nafsi yake. Mwenye panga aliinua tena, na Kiema akamshika mkono. Akainama, akazitazama kamba mkononi mwa Hersi, akaitazama damu iliyokauka.

"Mwacheni," Kiema akasema.

Wakamwacha. Na hapo ndipo Nzomo alipomwona Musyoka. Walikuwa wamempigisha magoti chini ya mti wa mgunga, shati limechanika, jicho moja limefumba. Hakuwa amekimbia, alikuwa ameinua mikono tangu mwanzo.

"Waambie," Nzomo akasema. "Ndugu, waambie nilikutetea."

Watu wote wakamgeukia Musyoka. Mwanamke mmoja, aliyekuwa amempakata mwenzake aliyepigwa risasi tumboni, akamwambia kwa sauti ya chini: "Kwanza Msomali, sasa mwizi. Wewe uko upande gani?"

Musyoka alifungua mdomo. Mkono wake ulikuwa ukitoka damu kama bomba, na chini yake Hersi alikuwa bado anapumua, na wale watu walikuwa bado na mapanga. Alihisi kwamba neno alilopewa ni moja, na ameshalitumia. Akatazama chini.

Jiwe la kwanza lilimpata Nzomo kwenye meno. Hakuita tena. Walichukua muda mrefu. Alipoacha kusogea, mtu mmoja akazivua kamba za viatu vyake na kuondoka nazo. Injini ilikuwa bado inanguruma, na Musyoka, akiwa ameufunga mkono kwa shati, akachechemea mpaka mbele, akakisukuma kile kiwiko chekundu. Kimya kikaingia, watu wakashtuka kama waliozinduka usingizini.

Mwanamke yule aliyepigwa risasi alifariki njiani kwenda hospitali. Hersi alilazwa kwa mbavu nne zilizovunjika, Musyoka kwa mkono na magoti. Awo, mke wa Hersi, aliwaletea wote wawili maziwa na chai kila asubuhi, bila kubagua kitanda. Hersi alimshukuru dereva wake kwa machozi, akamwambia kwamba watoto wake watakuwa watoto wa Musyoka. Musyoka akamwuliza kama alisikia mambo ya Nzomo. Hersi akasema alisikia.

"Ungesema, wangetuua sote," Hersi akamwambia.

"Labda, Mzee. Sikujaribu."

Polisi waliishikilia Benzi miezi mitano. Iliporudi, ikiwa na vumbi na nyayo za kuku juu ya boneti, ikawaka kwa jaribio la kwanza. Hersi alimpa Musyoka ufunguo, naye akaurudisha mezani. Akasema angeweza kuitengeneza wakati wowote, lakini kuiendesha hapana. Mwaka uliofuata Hersi aliiuza kwa mfanyabiashara mmoja wa Kitui, akahamia Nairobi. Musyoka alifungua gereji ndogo pale Salama, akajifunza kushika spana kwa vidole vitatu.

Ilimchukua muda kupata kwao Nzomo. Kwao kulikuwa Kikima, nyuma ya soko, nyumba ya matofali yenye mabati mapya upande mmoja tu. Mama yake, Syokau, alikuwa akipepeta mbaazi uani. Musyoka alimwamkia, akakaa kwenye kigoda alichooneshwa, akamweleza yote bila kuruka: bastola kisogoni, maneno ya mwanawe, chupa ya maji, mgunga. Akamwambia pia kwamba aliitwa ashuhudie, na akanyamaza.

Syokau aliendelea kupepeta. Kisha akauliza kama mwanawe alilia.

"Hapana, mama. Aliniita mara moja tu."

Akaitikia kwa kichwa. Akaweka ungo chini, akautazama mkono wa mgeni, ule wenye vidole vitatu, bila huruma na bila chuki.

"Ulipaswa kusema," akamwambia.

"Nilipaswa."

Akamwambia aende kabla wanawe wengine hawajarudi kutoka shambani, maana wao hawangemsikiliza mpaka mwisho. Musyoka akasimama, akaaga, akateremka kwa miguu njia ya mawe mpaka sokoni, magoti yakimuuma kila hatua.