Mimba ya Wiki Tisa

Asubuhi ile Gerlie alipomwambia mama mkwe wake kwamba anakwenda kuuliza habari za chanjo, Nanay Pacing alilitua bakuli la mchuzi wa kuku kwa kishindo mpaka majani ya mlonge yakarukia kitambaa cha meza.

"Una mimba ya wiki tisa, Inday, mwanangu. Wiki tisa! Mtoto hata kucha hajaota, na wewe unataka kumtia madawa."

"Nimesema nakwenda kuuliza, Nay. Kuuliza hakuchomi."

"Utawauliza wenye sindano mkononi. Unadhani watakujibu nini?"

Gerlie alikunywa mchuzi wake mpaka tone la mwisho, akafuta mdomo, akachukua barakoa na ile ngao ya plastiki ya uso ambayo mwaka ule hukuruhusiwa kuingia sokoni bila kuivaa, akatoka.

Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na tisa, muuza nyama ya nguruwe katika soko la mji mdogo kusini mwa mkoa wa Iloilo. Mikono yake ilikuwa minene kwa kazi ya panga, na ulimi wake haukuwa butu kuliko panga lenyewe. Wateja waliozoea kuchambua nyama kwa vidole na kuiacha walijifunza kuipita meza yake kwa adabu. Lakini nyumbani alikuwa na donda ambalo halikuguswa na mtu. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka. Ya kwanza ilitoka wiki ya nane, ya pili wiki ya kumi na moja. Mara zote mbili ni Nanay Pacing aliyefua mashuka, akamkanda kwa maji ya moto, akamwimbia kama mtoto mdogo. Kwa hiyo kikongwe yule alipopiga kelele mezani, Gerlie alijua kelele zile zinatoka wapi. Kujua hakukumfanya akubali.

Ndio ulikuwa mwezi wa nane, mwaka wa elfu mbili ishirini na moja, na ugonjwa ulikuwa umerudi kwa hasira. Kazi za ujenzi za Elmer, mumewe, zilikuwa zimesimama, kwa hiyo meza ya nyama ndiyo iliyokuwa ikiwalisha wote. Watu wakikohoa, wanakohoa mbele ya meza hiyo. Mkabala na Gerlie alikaa Manang Luding, dada mkubwa wa soko zima, muuza samaki wakavu, ambaye wiki tano nyuma alikuwa amempoteza mtoto wa dada yake. Binti huyo, Richel, alikuwa mwalimu, mwenye mimba ya miezi saba. Aliugua Jumatatu. Jumapili iliyofuata alirudishwa nyumbani akiwa majivu ndani ya mtungi wa udongo, bila mkesha, bila kuagwa. Mtoto walimtoa akiwa hai, wakamweka katika sanduku la kioo hospitalini.

"Tulimwambia asichanjwe mpaka ajifungue," Manang Luding alikuwa akirudia kila siku huku akipepea nzi. "Sote tulimwambia. Mimi mwenyewe nilimwambia, Day, mdogo wangu. Kwa mdomo wangu huu."

Maneno hayo ndiyo yaliyomkaa Gerlie kooni.

Upande wa pili kulikuwa na video. Nanay Pacing alitumiwa na binamu yake wa Bacolod, akaionyesha kila aliyepita uani: mwanamke analia, anasema alichomwa sindano, na siku tatu baadaye mimba ikatoka.

"Umemwona?" alimuuliza Gerlie, akimsogezea simu mpaka puani. "Umemsikia kwa masikio yako?"

"Nimemsikia. Masikini ya Mungu. Lakini mimi zimenitoka mbili bila sindano, Nay. Nilaumu nini? Mvua?"

Nanay Pacing alifunga simu, akaenda kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi.

Elmer, yeye, alijitia hamnazo. Kila yalipoanza mazungumzo hayo alikumbuka ubao uliolegea kwenye banda la nguruwe. Siku moja Gerlie alimfuata huko huko, akasimama mlangoni, akamzibia njia.

"Nataka neno lako."

"Mimi nakuachia wewe," alisema Elmer, misumari mdomoni. "Mwili ni wako. Utakaloamua, mimi niko nyuma yako."

"Nyuma yangu umbali gani? Mpaka bandani?"

"Gerlie…"

"Usiniachie mzigo peke yangu halafu ukajiita mstaarabu. Toa misumari mdomoni useme."

Aliitoa, mmoja mmoja, akaitia mfukoni. Nguruwe walimnusa viatu. "Naogopa," alisema hatimaye. "Nikikuambia nenda na likatokea la kutokea, utanichukia. Nikikuambia usiende, ukaishia kama Richel, nitajichukia mwenyewe. Basi nimeona bora nigongomee mbao."

Gerlie alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi kumsikia akisema kitu cha kweli. "Haya," alisema. "Na mimi naogopa. Ila mimi nitakwenda na woga wangu hivyo hivyo."

Asubuhi ile alipotoka nyumbani ndiyo ilikuwa siku ya kuchanja watu wa soko, katika uwanja wa mpira wa kikapu. Saa mbili asubuhi foleni ilikuwa imeshazunguka uwanja mara mbili. Gerlie alisimama na Manang Luding, aliyekuja kwa dozi yake ya pili. Walipokaribia meza, mama yule alimshika kiwiko na kumnong'oneza.

"Day, wakikuuliza kama una mimba, sema huna. Tumbo halijaonekana. Utachomwa, utaondoka, basi."

"Sitamficha mwanangu kama nyama ya wizi, Manang."

"Nakuambia kwa kukupenda."

"Najua. Lakini nikianza kwa uongo, nitamuuliza nani swali?"

Mezani alikaa karani wa afya, mwanamke aliyevaa miwani juu ya barakoa, na miwani imejaa ukungu wa pumzi yake. Alisoma maswali bila kuinua kichwa. Presha? Hapana. Pumu? Hapana. Mzio? Hapana. Una mimba?

"Ninayo," alisema Gerlie, kwa sauti ile ile anayonadia nyama sokoni. "Wiki tisa."

Foleni nzima iligeuka. Karani aliinua kichwa. "Rudi nyumbani, dada. Njoo miezi mitatu ya kwanza ikishapita."

"Kwa nini?"

"Ndivyo ilivyo."

"Ndivyo ilivyo si jibu. Mimi kila siku natazamana na watu mia, wananipumulia usoni. Virusi navyo vimeambiwa vinisubiri miezi mitatu ipite?"

Watu wakacheka. Karani hakucheka. "Unazuia foleni."

"Sizuii foleni. Nataka daktari. Nikishajibiwa, hata kama ni hapana, nitaondoka kwa miguu yangu."

"Daktari ana watu mia nne."

"Basi mimi ni wa mia nne na moja."

Alichukua kiti cha plastiki, akakiweka chini ya goli la kikapu, akakaa. Jua lilipanda. Kichefuchefu kilimjia, akakibana kwa kipande cha embe bichi alichokuja nacho mfukoni. Kila aliyepita alikuwa na lake. Muuza mboga mmoja alimpigia kelele akiwa ameshachanjwa, pamba mkononi: "Mama Nyama! Unataka sindano au unataka ugomvi?"

"Kitakachotangulia kufika!" alijibu Gerlie, na uwanja ukaangua kicheko tena.

Mara mbili alifikiri kuinuka. Aliikumbuka ile mimba ya pili, ya wiki kumi na moja, jinsi yeye alivyoinama kuokota ndoo ya damu ya nguruwe na kuhisi joto likimshuka mapajani. Mwili wake haukumuuliza siku ile. Haukumuuliza mara zote mbili. Hivyo alikaa, safari hii aamue mwenyewe.

Saa tano na nusu mwavuli wa maua mekundu ulionekana getini. Chini yake alikuwa Nanay Pacing, ngao ya uso imekaa upande, anahema.

"Nimeambiwa sokoni kwamba mkwe wangu anafanya maandamano ya mtu mmoja," alisema. "Inuka, twende nyumbani."

"Sijajibiwa."

"Nitakujibu mimi njiani."

"Wewe umeshanijibu, Nay. Sasa namsubiri mwingine."

Kikongwe alitazama huku na huku, akaona macho ya watu, akavuta kiti kingine na kuketi karibu naye, amejikunja kwa hasira. Lakini mwavuli aliusogeza kidogo, ukawafunika wote wawili.

Daktari Sobrevega alikuja saa saba, amebeba sanduku la chakula ambalo bado hakulifungua. Alikuwa kijana kuliko walivyotarajia, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Alichuchumaa mbele yao badala ya kusimama. Gerlie alimweleza yote, mimba mbili zilizotoka, meza ya nyama, Richel, video. Hakuacha kitu.

"Nitakuambia ninachokijua na nisichokijua," alisema daktari. "Virusi vilivyo hai havimo ndani ya chanjo hii. Wanawake waliochomwa mimba ikiwa changa wamefuatiliwa, na mpaka sasa hawajaonekana kupoteza mimba kuliko wengine. Lakini ufuatiliaji haujafikia mwisho, na sitakuambia umefikia. Unaweza kupata homa. Ukiipata, usiivumilie, nitakuandikia dawa ya kuishusha. Ugonjwa wenyewe naujua vizuri zaidi. Unawaangusha wajawazito vibaya. Nimewaona."

"Na ile amri ya karani, kwamba nirudi miezi mitatu ikipita?" aliuliza Gerlie.

"Maelekezo niliyopewa yanasema wengi wasubiri miezi mitatu ipite. Mtu ambaye kazi yake inamweka mbele ya watu kutwa anaweza kuchagua mapema, baada ya kuzungumza na daktari. Alipaswa kukuambia hilo. Amechoka, kama mimi."

Nanay Pacing alijiinua kitini. "Daktari, unaweza kuniapia kwamba mtoto huyu hatatoka?"

"Siwezi, Nay. Hata asipochomwa siwezi kukuapia."

"Umesikia?" Nanay alimgeukia Gerlie kwa ushindi. "Hawezi!"

"Nimesikia," alisema Gerlie. "Ni mtu wa kwanza aliyeniambia hawezi." Akamtazama daktari. "Ungekuwa mimi?"

Daktari alifikiri. "Sijawahi kupoteza mimba mbili, siwezi kujifanya wewe. Ungekuwa dada yangu, nisingependa urudi kwenye meza ile bila kinga. Lakini ukitaka kusubiri wiki nne, nitakuelewa, na nitakuandikia jina uje bila foleni."

Gerlie aliutazama uwanja, mistari iliyochorwa sakafuni, watu waliokwisha kuchanjwa wakisubiri dakika zao za kuangaliwa. Wiki nne. Hakuweza kuifunga meza kwa wiki nne. Na hata angeweza, alijua angekaa nyumbani akihesabu kila kikohozi cha jirani.

"Lete karatasi nitie sahihi," alisema.

Nanay Pacing alisimama. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Ukichomwa, na likitokea la kutokea, usinililie mimi, Inday."

"Sitakulilia, Nay. Nikilia nitalia mwenyewe. Lakini hakuna atakayesema nilisukumwa, wala kwamba nilizuiwa."

Kikongwe alikunja mwavuli wake na kuondoka kabla sindano haijatolewa. Gerlie alikunja mkono wa blauzi, akaangalia sindano ikiingia. Hakugeuza uso.

Jioni homa ilimpanda. Alimeza dawa aliyoandikiwa, Elmer akakaa kando yake akimbadilishia kitambaa cha maji, na asubuhi homa ilikuwa imekwisha. Nanay Pacing hakusema naye neno kwa siku kumi. Mchuzi wa mlonge uliendelea kufika mezani, umefunikwa kwa sahani, bila mtu kuonekana akiuleta.

Kisha ikafika wiki ya kumi na moja. Alhamisi mchana Gerlie alitoka chooni, rangi imemtoka usoni. Tone la damu. Nanay Pacing alikuwa mlangoni, akaliona lile jambo katika uso wa mkwe wake kabla halijasemwa. Mdomo wake ulifunguka. Gerlie alisimama wima akilisubiri lile neno, nilikuambia, na alikuwa na jibu lake tayari. Lakini mdomo ulijifunga. "Elmer!" ndiyo sauti iliyotoka. "Elmer, acha mbao zako, tafuta pikipiki ya jirani!"

Katika zahanati ya wazazi, mkunga alimpaka jeli baridi tumboni, akaweka kipimo cha kusikilizia mapigo. Dakika ile ilikuwa ndefu kuliko saa zote za uwanjani. Kisha chumba kikajaa mdundo wa haraka haraka, kama mtu anayekimbia pekupeku.

"Yupo," alisema mkunga. "Mapigo mazuri. Matone madogo hutokea kwa wengi. Pumzika wiki moja, na damu ikizidi rudi hapa mara moja."

Elmer alijifunika uso kwa kofia. Nanay Pacing, aliyekatazwa kuingia, alikuwa ameshaingia. "Hebu tena," alimwamuru mkunga. "Nisikie tena." Akawekewa tena.

Walipokuwa nje wakisubiri Elmer alete pikipiki, kikongwe alisema, "Bado hatujui."

"Kweli, Nay. Bado hatujui. Lakini hata kama ningetoka humu mikono mitupu, ningekuambia lile lile. Niliamua mimi."

"Najua," alisema Nanay Pacing. "Ndicho kinachoniudhi."

Dozi ya pili Gerlie alikwenda kuchukua na Elmer. Hakuaga wala hakuomba ruhusa, na hakuna aliyemzuia. Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata alijifungua msichana wa kilo tatu na robo, mwenye sauti iliyosikika mpaka nyumba ya tatu. Nanay Pacing alimpokea, akamkagua vidole vya mikono na vya miguu, akamgeuza, akamgeuza tena, kama mteja msumbufu anayetafuta kasoro kwenye nyama nzuri.

Mtoto akapiga chafya.

"Umeona?" Nanay Pacing alisema, amemkumbatia kifuani kwa nguvu zote. "Ni ile sindano yako hiyo."

Gerlie alicheka mpaka nyuzi za mshono zikamuuma.