Ripoti ya Moto Bwenini

Hafidha Awadhi alikuwa na kikombe cha uji mkononi kiranja alipokuja mbio kumwambia kwamba anaitwa kwa mkuu wa shule. Wenzake wa kidato cha nne waliacha kunywa. Gari lililoegeshwa nje ya ofisi lilikuwa limetoka Bukoba, na wote walijua limeleta nini: karatasi zao za Kiingereza za mtihani wa pamoja, ule ambao shule kadhaa za Bukoba na Muleba huufanya kujipima kabla ya mtihani wa taifa.

Penina, rafiki yake wa bwenini, alimfuata hadi kwenye kona ya maktaba akamshika mkono.

"Wiki ile hukuwepo," alinong'ona. "Ulikuwa kwenu unaumwa. Sema hukuwepo, basi. Usiongeze neno."

Hafidha alitikisa kichwa kukubali. Njia nzima alikuwa akirudia moyoni: sikuwepo, sikuwepo.

Mwalimu wao wa Kiingereza, Ildefons, kijana kutoka kijiji cha Kishanda, alikuwa na utaratibu mmoja. Kila wiki aliwafundisha aina moja ya uandishi. Wiki hii barua rasmi, ijayo hotuba, kisha tangazo, kisha mazungumzo. Aliandika mfano ubaoni, wakanakili, wakakariri, halafu kila mmoja akasimama kuusema bila kutazama daftari. Aliyekwama alirudia jioni. Kabla hajaja, darasa zima la kidato cha nne liliwahi kuanguka Kiingereza, kwa hiyo hakuna mzazi aliyelalamika.

Wiki ya mwisho kabla ya mtihani ilikuwa zamu ya ripoti. Mfano ulihusu moto bwenini: mshumaa ulianguka kwenye godoro la mwanafunzi aitwaye John, wanafunzi wakauzima kwa ndoo za mchanga na maji. Hafidha alikuwa Bukoba kwa wazazi wake, malaria imemlaza. Alirudi shuleni siku moja kabla ya mtihani, kichwa bado kizito. Penina alimpa daftari anakili, lakini herufi zilikuwa zinamchezea machoni, akalirudisha. Kesho yake walipofungua karatasi, swali la mwisho liliwataka waandike ripoti ya moto uliotokea shuleni kwao. Darasa zima lilitazamana likitabasamu.

Sasa hakuna aliyekuwa akitabasamu. Mkuu wa shule, Mwalimu Agnetha, alikuwa ameketi mikono ikiwa mapajani. Mwalimu Ildefons alikuwa amesimama dirishani, kola imelowa jasho. Katikati yao alikaa mzee mwenye miwani, Mwalimu Byarugaba, msimamizi wa usahihishaji.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa, mwanangu." Byarugaba aligusa bunda la karatasi. "Humu ndani John ameunguza godoro mara nyingi mpaka nimemhurumia. Maneno yale yale, hata makosa ni yale yale. Kwako wewe peke yako jiko la mafuta limelipuka, na mpishi ameungua nyusi. Uliyatoa wapi?"

"Niliona kwenye mgahawa mmoja kwetu, mwalimu. Karibu na soko."

"Vizuri. Na wenzako waliyatoa wapi ya kwao?"

"Mimi sikuwepo."

"Hukuwepo. Hukusikia wala hukuonyeshwa kitu?"

Hafidha alitazama sakafu. Alimsikia Mwalimu Ildefons akivuta pumzi.

"Nilionyeshwa daftari," alisema hatimaye. "Sikuweza kulisoma. Kichwa kilikuwa kinaniuma."

"Kwa hiyo ripoti ya moto ilikuwa darasani kabla ya mtihani."

"Ndiyo, mwalimu."

Byarugaba alivua miwani. "Umesikia, Mkuu? Nikiandika kwamba karatasi imevuja, matokeo ya shule yote yanafutwa. Na huyu bwana atakwenda kujieleza kwa wakubwa."

Midomo ya Mwalimu Ildefons ilikuwa imekauka. Hafidha alikuwa amekuja kusema neno moja, na sasa ameangusha shule nzima.

"Lakini mwalimu," aliropoka, "hata hotuba ilikuwepo! Na barua ya malalamiko, na tangazo. Kila aina tunao mfano wake mmoja, wa kukariri. Mwalimu wetu hakujua kitakachotoka. Wape wenzangu ripoti nyingine, mwalimu. Wape sasa hivi waandike, utaona."

Mzee aliinuka.

Darasa lilipewa swali jipya papo hapo, madaftari yote yakiwa yamekusanywa. Byarugaba aliandika swali ubaoni kwa mkono wake: upepo mkali umeezua paa la ghala la kahawa Kanazi, andika ripoti kwa mwenyekiti wa kijiji. Kisha akawa anatembea kati ya madawati. Hafidha, aliyekaa mbele, hakusikia kalamu zikienda. Alisikia viti vikilia na watu wakikohoa. Nyuma yake Penina alikuwa anafuta, anaandika, anafuta tena.

Karatasi zilipokusanywa, mzee alisoma moja mlangoni, akasoma ya pili, akampa Mwalimu Ildefons ya tatu.

"Isome kwa sauti. Kwa Kiswahili."

Ilikuwa ya Penina. Mwalimu Ildefons alisoma taratibu kwamba upepo ulianzia kwenye godoro la John, na kwamba wanakijiji walifanikiwa kuuzima kwa ndoo za mchanga na maji.

Mmoja alicheka nyuma, akanyamaza ghafla. Penina aliinamisha kichwa mezani.

"Karatasi haikuvuja," alisema Byarugaba. "Madaftari yenu yana mfano mmoja mmoja wa kila aina, na huu wa moto umeangukiana na swali kwa bahati tu. Nitaandika kwamba swali lile lisihesabiwe, kwa wote." Akamgeukia Hafidha. "Na kwako pia, mwanangu. Samahani." Kwa Mwalimu Ildefons alisema chini kwa chini, lakini waliokaa mbele walisikia: "Kwenye mtihani wa taifa moto unaweza usitokee."

Gari liliondoka. Jioni ile Penina alihamishia godoro lake kitanda cha upande wa pili wa bweni. Hafidha aliposogea kumsemesha, alimgeuzia mgongo.

"Ungesema hukuwepo tu," alisema kwa sauti iliyobanwa. "Wangeniita mimi, ningekana. Sasa shule nzima inaniita Upepo."

Hafidha alijilaza akitazama mbao za kitanda cha juu, hasira na aibu vikimpanda kwa zamu, maana na yeye alipoteza alama alizozipata kwa kichwa chake mwenyewe.

Kipindi cha Kiingereza kilichofuata, Mwalimu Ildefons aliingia bila kitabu. Alifuta ubao wote, hata tarehe, akabaki ameshika dasta.

"Niliwadanganya," alisema. "Sikukusudia, lakini niliwadanganya. Penina, simama. Leo asubuhi umeona nini njiani kutoka bwenini?"

Penina alisimama. Alifikiri kwa muda mrefu mpaka wengine wakaanza kujisogeza vitini.

"Mbuzi wa mlinzi ameingia kwenye bustani ya mchicha," alisema.

"Tuandikie ripoti yake. Kwa Kiingereza chako, hata kikiwa kibovu."

Penina alikaa, akafungua ukurasa mpya. Alitazama mbele kidogo, kisha akamgonga Hafidha begani kwa ncha ya kalamu.

"Mchicha kwa Kiingereza wanauitaje?" aliuliza, bado amenuna.