Ombi la Tatu

Mara ya kwanza Berl Kaplinski alikuja na mashahidi kuomba msamaha miaka sita baada ya vita, na Zelik Rudnitsky akamfungia mlango usoni. Mara ya pili, miaka mingi baadaye, alimkuta Zelik matangani, amekaa kwenye kigoda kifupi akimlilia mkewe Frida. Zelik akamwambia mbele ya waombolezaji, "Toka, au nitasahau kwamba nina msiba."

Siku ile rabi alimwita Zelik pembeni. "Jihadhari. Mkosaji akiomba mara tatu mbele ya mashahidi watatu, nawe ukamkataa mara zote tatu, yeye ametoka hatiani. Dhambi inabaki shingoni mwako."

"Yaani nikimkataa mara moja tu tena, anakwenda zake msafi?"

"Ndiyo sheria."

"Basi hatanipata."

Na kweli hakumpata. Wayahudi huombana msamaha siku zile kumi za kuelekea mfungo wa Siku ya Upatanisho. Kila mwaka, siku hizo zikikaribia, Zelik alitia mashati mawili mkobani akapanda basi kwenda mji wa Tiberia, kwa mjane mmoja aliyekodisha vyumba. Miaka thelathini na mitano watoto wake watatu walikula mlo wa kabla ya mfungo bila baba. Wakaoa, wakaolewa, wakazaa. Wajukuu wakafika kumi na mmoja, naye hayupo. Alikuwa baba mwema siku mia tatu hamsini na tano za mwaka. Kumi zilizobaki zilikuwa za Berl.

Kisa chenyewe kilikuwa viatu.

Nochem, mdogo wake Zelik, alikuwa na miaka kumi na sita na homa ya chawa pale kikosi chao cha wapiganaji wa msituni kilipozingirwa huko Belarusi. Ikabidi wakimbie kuvuka kinamasi kilichoganda. Asubuhi hiyo viatu vya Nochem havikuwepo. Zelik alimfunga miguu kwa matambara, akambeba, akachoka, akamburuta, siku tatu. Vidole vikawa vyeusi kama makaa, kisha nyayo, kisha kijana akanyamaza. Zelik alimchimbia kaburi kwa shoka, maana ardhi ilikataa koleo. Alipofika kambi mpya alimkuta Berl, mwenzao wa kikosi, anaota moto, amenyoosha miguu, na miguuni viatu vya Nochem, na kiraka kile kile alichokishona mama yao.

Wote wawili walipigana mpaka mwisho, wakavishwa nishani, wakaishia Haifa, nchini Israeli, mtaa na mtaa. Berl akawa mtu wa majukwaani. Kila mwaka shule zilimwalika asimulie ushujaa wa msituni. Alisimulia mengi. Viatu hakuvitaja.

Sasa Zelik alikuwa na miaka tisini na mmoja, na mwaka huu nyonga yake ilivunjika. Tiberia haikufikika. Adhuhuri, saa chache kabla mfungo haujaanza, alikuwa mezani na binti yake Tsipora aliposikia miguu mingi ngazini. Tsipora akainuka akafungua. Wakaingia wanaume watatu wa sinagogi wamembeba Berl kwenye kiti, na mbele yao Gedalia, mwokaji mikate, ametota jasho.

"Ngazi sabini na mbili, mzee Zelik," Gedalia alihema. "Kama ulitaka kumkataa, ungemkataa akiwa chini."

"Nani aliwaambia nipo?"

"Mimi, baba," Tsipora alisema. "Nina miaka sitini na mbili. Nimechoka kumwazimisha Kaplinski baba yangu."

Berl alikuwa amekwisha, ngozi na mifupa na koti. Akasema taratibu, "Zelik, naomba unisamehe. Hii ni mara ya tatu. Mashahidi hawa hapa."

Zelik alimtazama adui yake na kuona alivyonaswa. Akisema ndiyo, Berl yuko huru. Akisema hapana, Berl yuko huru. Panya amechimba matundu mawili, na paka ana mdomo mmoja.

"Nikusamehe nini?"

"Unajua."

"Mimi najua. Gedalia hajui. Mwambie."

Berl akaitazama sakafu. "Nilichukua viatu."

"Vya nani?"

"Vya Nochem."

"Sasa kwangu unataka nini? Vyangu nilikuwa navyo, vikanifikisha Berlin." Gedalia alitaka kucheka, akajizuia. "Nilikosea kukukataa mara mbili, Berl. Haikuwa haki yangu kukataa wala kukubali. Gedalia, wewe ni mtu wa sala. Aliyekosewa akiwa amekufa, sheria inasemaje?"

Gedalia alisitasita. "Mkosaji huchukua watu kumi, huenda nao kaburini, hukiri kosa lake kwa sauti."

"Umesikia."

"Kaburi liko wapi?" Berl aliuliza. "Wewe ndiye uliyemzika. Daktari amenipa mwezi mmoja. Nitatuma mtu akasimame kwa niaba yangu, na watu kumi. Niambie tu mahali."

"Ulikuwa mbele yetu, Berl, una viatu vizuri. Ungegeuka ungepaona."

Berl alilia bila sauti, mabega yakitikisika ndani ya koti. Wale watatu wakamwinua. Mlangoni Gedalia aligeuka. "Mzee, jua halijazama. Nafasi bado ipo."

"Angalieni ngazi," Zelik akasema.

Mlango ulipofungwa Tsipora alimshika mkono. "Baba, unapakumbuka?"

Alipakumbuka kama kiganja chake: mto unapopinda, chini ya kinu cha maji kilichoungua, miti mitatu yenye magome meupe, na Nochem chini ya ule wa kati.

"Niambie mimi, basi. Bado hawajafika nusu ya ngazi. Nawakimbilia."

Zelik alitega sikio. Aliwasikia wakishuka, wakipumzika, wakishuka tena, na kila hatua ilimwingia kifuani kama moto wa kambi ambao hakuwahi kuuota. Alisubiri mpaka mlango wa chini ukajibamiza.

"Nipakulie mchuzi," akasema.

Tsipora alimpakulia. Kisha akachukua sahani yake mwenyewe, akaenda kula jikoni, akaurudisha mlango. Zelik alikula peke yake, akafuta bakuli kwa mkate, akaita aongezewe.