Darubini ya Mbalamwezi

Yassir alikuwa ameiweka darubini ndefu mbele kabisa ya duka lake pale Mwanga, imesimama juu ya miguu mitatu ya bati, na kila aliyepita aliinama kuichungulia. Mwalimu Winfrida hakuinama. Aliigusa kwa ncha ya kidole, akangoja. Mrija ulitikisika, ukaendelea kutikisika, mpaka Yassir akaushika kwa mkono.

"Unaichokoza, shemeji," alisema. Alikuwa amekua pamoja na mume wa Winfrida, kwa hiyo kuitana mashemeji kulikuwa halali yao, na utani pia.

"Upepo wa ziwani utaichokoza zaidi. Lenzi yake ina upana gani?"

Yassir aligeuza boksi. "Milimita sitini. Lakini soma hapa: inakuza mara mia sita."

"Upana zidisha kwa mbili. Mia na ishirini, hapo ndipo inapokoma. Ukizidisha, kitu kinakuwa kikubwa na hukioni."

"Kwa hiyo boksi linadanganya?"

"Boksi linauza. Kama wewe."

Yassir alicheka, akairudisha ile ndefu mahali pake pa heshima. Winfrida alichagua darubini ya macho mawili, kama vitabu vyote vya wanaoanza vinavyoshauri, akamwomba amwekee. Katika anga lenye giza, darubini ya namna hiyo huonyesha mambo mengi: vishada vya nyota, mawingu hafifu ya mwanga, Kilimia chote kwa mpigo mmoja.

Alihitaji ionyeshe mambo mengi. Klabu ya anga ya shule yake ilikuwa na wanafunzi wengi wa Katonga, kule ufukweni, na wazazi wao, wavuvi na wakaushaji wa dagaa, hawakupenda watoto wakae nje jioni wakihesabu nyota. Mwishowe walikubali kutoa mchango kwa sharti moja: siku ya kwanza wataangalia wao. Wakiona kitu cha maana, klabu iendelee. Wasipoona, darubini irudi dukani, mchango uende kwenye jezi za timu ya shule, na watoto walale.

Siku hiyohiyo aliteremka Katonga kumwona Melania, mwenyekiti wa wazazi, akamkuta akigeuza dagaa juu ya vichanja.

"Nimepata tarehe, Mama," alisema. "Usiku ambao hakuna mwezi kabisa."

Melania hakuacha kazi yake. "Utaangalia na nani?"

"Na ninyi."

"Mwalimu, giza ni la dagaa. Wanaume wote watakuwa majini na taa zao, na sisi tutakuwa tumelala kidogo tungoje mitumbwi. Mbalamwezi ikija, dagaa hawafuati taa, basi tunapumzika. Tuite hapo."

Winfrida alikuwa mtoto wa Kasulu, kwenye vilima, ambako giza ni giza tu. Alisimama akaitazama ile mitumbwi iliyovutwa ufukweni, kila mmoja na taa zake, na hakuhitaji kuelezwa zaidi. Usiku aliouchagua, upeo wote wa ziwa ungekuwa umewashwa taa, na wenye kuangalia wasingekuwapo. Usiku wa mbalamwezi wangekuwapo wote, lakini mwanga wa mwezi ungefuta vishada, mawingu na sehemu kubwa ya Kilimia. Darubini aliyowekewa dukani ingeonyesha anga tupu lenye weupe.

Kwa hiyo swali lilikuwa limebadilika. Ni nini hakifutwi na mbalamwezi? Mwezi wenyewe, na sayari. Kuviona hivyo kunahitaji kioo kipana, ukuzaji wa kweli na kitako kisichotikisika.

"Mtapumzika kuanzia lini?"

"Mwezi ukikaribia kujaa. Njoo siku ukiwa duara, upendeze."

"Ukiwa duara hauna vivuli, unakuwa bapa kama sahani. Nitakuja jioni ya kwanza mitumbwi ikipumzika, kabla haujajaa."

"Unabishana mpaka na mwezi," alisema Melania.

Kesho yake alirudi Mwanga. Nyuma ya majiko ya gesi Yassir alikuwa na darubini nyingine iliyokosa mteja: fupi, nene, yenye kioo chini na kitako kizito cha mbao kinachozunguka.

"Hii? Shemeji, watu watadhani umeleta ndoo."

"Kioo chake kina upana karibu mara mbili ya lenzi ya ile ndefu."

"Wazee wa Katonga wanataka kitu kirefu. Kitu chenye sura ya darubini."

"Watatazama ndani yake. Hawatakitazama chenyewe."

Jioni ya kwanza ya mitumbwi kupumzika ilipofika, aliikataa meza waliyomwandalia mchangani Katonga, kwa sababu ilicheza. Aliitaka meza ya zege ya kupimia samaki. Wanawake waliiosha magamba huku wakimnung'unikia, naye akaweka darubini juu yake baada ya swala ya Magharibi. Kicheko kilianza kabla hajafungua kifuniko.

"Mwalimu ameleta sufuria," alisema Mzee Leodgar, mwenye mitumbwi mitatu na sauti kubwa kikaoni. Jezi zilikuwa hoja yake.

Melania aliangalia mwezi kwanza. "Una ndui," alisema. "Uso mzima. Na mashimo yana kivuli."

Walipokwisha kupita wote, Winfrida aligeuza darubini kuelekea nukta ya manjano upande wa mashariki, akabadilisha lenzi ya jicho, akamwita Mzee Leodgar. Mzee aliinama, akainuka haraka.

"Mmebandika picha humu. Kidude chenye pete."

"Ni sayari ya Zohali, mzee. Angalia tena, usiguse kitu."

Akaangalia. "Kinasogea," alisema baada ya kitambo. "Kinakwenda ukingoni. Kimetoka."

"Picha iliyobandikwa haitoki. Dunia inazunguka nasi juu yake. Kirudishe mwenyewe, sukuma taratibu."

Alisukuma, akakosa, akasukuma upande wa pili. "Aa. Ni kama usukani wa injini ya mtumbwi. Unasukuma huku, pua inakwenda kule." Kilipokaribia ukingo alikirudisha, kikaja tena, akakirudisha tena, bila kutikisa kitu.

"Mzee, kuna foleni," mwanamke mmoja alisema.

"Subiri, kitakimbia."

Melania alihesabu mikono pale pale, kando ya meza. Klabu ilipita. Mzee Leodgar aliinua mkono wake bila kutoa jicho kwenye lenzi, na walipomwondoa alikwenda mwisho wa foleni, akasimama nyuma ya wakwe zake.

"Watoto waje kesho hiyohiyo," Winfrida alimwambia Melania. "Mwezi ukizidi kujaa, vivuli vitapungua."